Farasi wa Mwenye Fani Mbili

Katika michezo ya kuigiza ya mezani, ambamo kila mchezaji huongoza mhusika wake na dadu huamua yanayompata, kuna ugomvi unaozuka karibu kila kampeni ndefu, yaani hadithi inayochezwa kwa vikao vingi. Mchezaji ana mhusika mwenye kipando, awe farasi, ngamia au mbwa mwitu, na wamesafiri pamoja mpaka levo, yaani daraja la uzoefu, ya tano au ya sita. Kisha mchezaji anatamani fani nyingine. Paladini, yaani askari mtakatifu, anataka uchawi; renja, mwindaji wa porini, anataka mbinu za mwizi. Anachukua levo mbili tatu huko, anafurahia alichopata, halafu siku ya vita kubwa mnyama anakufa kwa pigo la kwanza. Meza nzima inanyamaza na macho yote yanamgeukia msimamizi, anayeendesha hadithi na kuamua sheria.

Kwenye meza yetu hapa Lamu msimamizi ni mimi. Tunacheza mtaa wa Langoni, juu kwa shangazi, baada ya sala ya isha, na dadu tunazirushia kwenye sinia zisije zikadondokea ua wa jirani. Wachezaji ni binamu zangu wawili, mwalimu wa shule ya msingi, na nahodha wa mashua ambaye hukosa wiki za kusi kali. Hakuna kati yetu aliyewahi kumiliki farasi. Lakini punda tunawajua. Mji huu vichochoro vyake havipitiki kwa gari, na mawe ya matumbawe, mchanga, saruji, mitungi ya gesi na magodoro ya bibi harusi vyote hupita mgongoni mwa punda. Kwa hiyo tunapobishana juu ya mnyama katika mchezo, tunabishana kama watu walioona mnyama wa kazi akizaliwa, akichoka na akiuguzwa.

Swali lenyewe ni hili: mnyama anakua kwa hesabu ya nini? Kwa hesabu ya fani iliyompa bwana wake haki ya kumpanda, kwa hesabu ya bwana mwenyewe kwa jumla pamoja na yote aliyojifunza, au kwa hesabu ya nguvu za uganga alizonazo? Nimepitia vitabu vya sheria vya vizazi kadhaa, na kila kimoja kina jibu lake. Ninaamini kila jibu linaonyesha jinsi waandishi walivyouona uhusiano wa mtu na mnyama, hata pale walipodhani wanaandika hesabu tu.

Kwa asiyecheza, niseme kwa ufupi. Mhusika huwa na fani, kama vile mpiganaji, paladini, druidi (mganga wa maumbile) au renja, na ndani ya fani hiyo hupanda levo, mara nyingi hadi 20. Kuchanganya fani ni kuacha kupanda ngazi moja kwa muda ili upande nyingine. Ukiwa paladini wa levo 5 na mpiganaji wa levo 5, wewe ni mtu wa levo 10, na maadui utakaokutana nao ni wa mtu wa levo 10.

Zamani swali halikuwepo. Katika kitabu cha wachezaji cha Advanced Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, cha mwaka 1978, paladini alikuwa lazima awe binadamu, na kupanda fani mbili kwa pamoja kuliachiwa jamii nyingine za kubuniwa kama elfi na vibeti. Paladini alipofika levo ya 4 aliweza kumwita farasi wake wa vita, mwenye akili na nguvu kuliko farasi wa kawaida, lakini farasi mmoja tu katika kila miaka kumi. Ukimpoteza mwaka wa kwanza, unatembea kwa miguu miaka tisa. Sheria hiyo naiona kali lakini ya heshima. Mtu anayejua hana mwingine wa kumbadilishia hamsukumi farasi wake mbele ya mikuki bila kufikiri.

Toleo la 3.5 la Dungeons & Dragons, la mwaka 2003, ndilo lililoingia ndani ya jambo hili, na ndilo nililolisoma mpaka kurasa zikalegea. Humo paladini hupata kipando chake levo ya 5. Farasi mzito wa vita, ambaye kwa kawaida ana dadu 4 za uhai (kipimo cha uhai na nguvu zake), huongezewa 2, akili yake hufikia 6, na bwana wake humwita mara moja kwa siku, akae naye saa 2 kwa kila levo ya upaladini. Levo ya 8 dadu za ziada huwa 4 na akili 7. Levo ya 11 ni 6 na 8, na levo ya 15 ni 8 na 9. Hesabu yote hiyo ni ya levo za upaladini peke yake. Sasa mrudie yule paladini wa levo 5 aliyeongeza levo 5 za mpiganaji. Anapambana na maadui wa levo 10 huku amepanda farasi wa levo 5, mwenye dadu 6 za uhai badala ya 8, anayekaa naye saa 10 badala ya 20.

Tena kitabu hicho kinamfungia mlango. Paladini akishachukua levo ya fani nyingine, haruhusiwi tena kuongeza levo ya upaladini. Farasi wake hatakua maisha. Na akifa? Paladini husubiri siku 30, au hadi apande levo nyingine ya upaladini, lolote litakalotangulia, na wakati huo wote anapigana akiwa na upungufu wa 1 katika shabaha na katika uzito wa pigo. Kwa aliyechanganya, njia ya pili haipo tena. Zimebaki siku 30.

Ukiishia hapo utasema sheria hiyo imemuadhibu farasi kwa kosa la bwana wake. Lakini soma zaidi. Kuna madirisha mawili madogo ambayo watu wengi huyapita. La kwanza ni kwamba uganga wowote paladini anaoujipiga mwenyewe anaweza kuufikisha na kwa farasi aliye ndani ya futi 5. Kitabu kimesema uganga wowote, hakikusema wa kipaladini tu. La pili ni kwamba katika dadu za kujiokoa, zinazorushwa ili kukwepa madhara, farasi hutumia msingi wake au wa bwana wake, ule ulio mkubwa, na msingi wa bwana umejengwa na fani zake zote. Kwa hiyo aliyekwenda kujifunza uchawi au wepesi wa mwizi, kitu fulani kutoka huko kinamfikia mnyama. Mwili wake hauongezeki, ila ulinzi unaongezeka. Waandishi walifanya jambo zuri hapo, sijui kwa nini halisifiwi.

Kwa druidi na renja toleo hilohilo lilikuwa na moyo mpana zaidi. Levo za fani zote zinazotoa mnyama mwandani hujumlishwa, renja akihesabiwa nusu ya levo zake. Renja wa levo 6 aliye pia druidi wa levo 3 ana mnyama wa levo 6. Pathfinder, mchezo ndugu uliotoka mwaka 2009, ilifuata njia hiyohiyo ya kujumlisha, na mwaka 2010 ikaongeza fani ya askari farasi anayepata kipando tangu levo ya 1. Askari farasi wa levo 4 aliyeongeza levo 4 za mpiganaji ana farasi wa dadu 4 za uhai, wakati aliyebaki njia moja ana wa dadu 7. Pathfinder ina kipaji cha kuchagua kinachoongeza levo 4 kwenye hesabu ya mnyama bila kuzidi levo za mhusika mwenyewe, na pengo hilo linazibika lote. Ni dawa nzuri, ila mchezaji analazimika kuijua mapema, na wachezaji wapya hawaijui.

Sasa nije kwenye jambo lililotugawa sisi. Toleo la 5 la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, lina renja bingwa wa wanyama, anayepata mwandani levo ya 3. Mnyama huyo huongezewa nyongeza ya ustadi ya bwana wake katika kinga (ugumu wa kupigwa), katika shabaha na katika pigo. Nyongeza hiyo huja kwa jumla ya levo zote za mhusika. Lakini pointi za uhai ni mara 4 ya levo za renja, au zile za mnyama kwa asili yake, ipi kubwa. Yaani meno yake hukua na levo zote za bwana, mwili wake hukua na fani moja tu.

Binamu yangu mdogo alikuwa na renja wa jamii ya haflingi, wale watu wafupi ambao mbwa mwitu anawatosha kuwa kipando. Renja levo 3, mwizi levo 5. Mbwa mwitu wake alikuwa na kinga 16 na shabaha ya +7, mnyama wa kuogopwa kabisa. Uhai wake ulikuwa pointi 12.

Mchezoni tulikuwa kwenye mkoko, maji kupwa, wanamfuata mchawi aliyejificha kwenye jahazi lililokwama tope. Mchawi akarusha tufe la moto. Hilo ni dadu 8 za pande 6, wastani wake 28. Binamu akarusha dadu ya kujiokoa ya mbwa mwitu, ikaja 19, na sote tukashangilia, kwa kuwa aliyejiokoa hupata nusu. Nikarusha zile dadu nane kwenye sinia. Zikaja 28 kamili. Nusu yake 14. Mbwa mwitu alikuwa na 12.

Binamu hakusema kitu. Alichukua kile kipande cha kifuu alichokichonga kuwa mbwa mwitu wake akakiweka mfukoni. Angekuwa renja wa levo 8 mnyama angekuwa na pointi 32, angesimama hata kama dadu ya kujiokoa ingeanguka. Kitabu kinasema akipoteza mwandani anaweza kufungamana na mwingine kwa saa 8. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Kaka, mimi simtaki mwingine," na kikao kikaishia hapo.

Nimelifikiria jibu lake mara nyingi kuliko tufe lenyewe. Tazama jinsi bei ya kumpoteza mnyama ilivyoshuka kutoka kitabu hadi kitabu. Mwaka 1978 miaka kumi. Mwaka 2003 siku 30. Mwaka 2014 saa 8 kwa renja, na kwa paladini, ambaye kipando chake kimekuwa uganga wa kupiga, dakika 10. Katika toleo la mwaka 2024 uganga huohuo ni tendo moja ndani ya raundi ya sekunde 6. Naelewa sababu: hakuna anayetaka kukaa kikao kizima bila farasi. Lakini kadiri bei inavyoshuka ndivyo mnyama anavyogeuka kifaa, na ukishamfanya kifaa, kuchanganya fani hakumhusu tena. Kunahusu uwezo wako wa kununua kifaa kikubwa zaidi.

Hayo ndiyo yaliyotokea mwaka 2024. Kipando cha paladini sasa hukua kwa ngazi ya nafasi ya uganga, yaani ile akiba ya nguvu za kupigia uganga, iliyotumika kumwita. Kinga yake ni 10 kujumlisha ngazi hiyo, uhai ni 5 kujumlisha 10 kwa kila ngazi, na kuanzia ngazi ya 4 anaruka angani. Paladini wa njia moja hupata nafasi ya ngazi ya 4 akifika levo ya 13. Lakini paladini wa levo 5 aliyeongeza levo 4 za mchawi wa kuzaliwa, nafasi zake zinahesabiwa kama za mganga wa levo 7, na mganga wa levo 7 anayo nafasi ya ngazi ya 4. Huyu ana levo 9 tu. Farasi wake ana kinga 14, uhai 45, na mabawa. Mwenzake wa levo 9 aliyebaki paladini mtupu ana farasi wa kinga 13, uhai 35, asiyeruka.

Mwaka 2003 aliyetoka njiani aliadhibiwa, mwaka 2024 anatuzwa. Vitabu vyote viwili havikuuliza mnyama alikuwa wapi wakati bwana wake akijifunza.

Ami yangu ana punda wa kubeba mizigo kutoka gatini, na kijana wake mkubwa ndiye aliyekuwa akiwaendesha. Kijana aliondoka akaenda kujifunza kushona matanga ya majahazi. Alirudi siku za mapumziko tu. Nilimuuliza ami kama punda walikuwa wameharibika kwa kukosa mkono wa kijana.

"Nguvu zilipungua," akasema. "Punda asipofanyishwa kazi na anayemjua, hapewi mzigo wake sawasawa, hulegea. Lakini ndoo utazame hili."

Akanionyesha tandiko. La zamani lilikuwa gunia lililokunjwa, na punda wa kijivu alikuwa na kidonda juu ya mabega kisichopona. Wahudumu wa zahanati ya punda ya The Donkey Sanctuary, ambayo imekuwa hapa mjini tangu mwaka 1987, walikuwa wamekisafisha na kumwambia ami shida ni tandiko. Kijana alipokuja mapumziko alilifumua lote. Alikata turubai la tanga kuukuu, akalishona mishono miwili sambamba kwa sindano ya matanga, akajaza sufi pande mbili na kuacha mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Nilipitisha kidole kwenye mfereji ule. Ngozi chini yake ilikuwa imefunga, manyoya mapya yameanza kuota meupe.

Fani ya pili ya kijana ilimfikia punda kwa tandiko. Misuli haikumpa. Na lile dirisha la mwaka 2003, uganga wa bwana kumfunika na mnyama, ni tandiko hilihili. Nilipotoka kwa ami nilikuwa nimeshajua tutafanya nini mezani.

Kabla ya hapo niseme jambo moja la ukubwa, kwa sababu linawaudhi wachezaji wa hapa kwa haki. Toleo la 2014 linataka kipando kizidi mpandaji kwa daraja moja la ukubwa, na baghala, ambaye takwimu zake ndizo hutumika kwa punda, ameandikwa kuwa wa daraja la kati, sawa na binadamu. Maana yake mtu mzima hawezi kumpanda. Orodha ya bei inamuuza punda kwa vipande 8 vya dhahabu, farasi wa vita 400, lakini wa vipande 8 hapandiki. Nenda gatini asubuhi yoyote uhesabu wazee waliokaa juu ya punda. Nenda mbio za punda za wakati wa Maulidi, uone vijana wanavyokata pwani. Kwetu punda ni kipando cha mtu mzima, na anabaki na uwezo ule mzuri aliopewa na kitabu, wa kutoanguka ovyo anapotaka kuangushwa. Paladini wetu akitaka kuita punda badala ya farasi, anaitika. Kitabu chenyewe kimemwachia msimamizi ruhusa ya kuongeza wanyama wengine.

Turudi kwenye fani. Sheria yetu sasa ni hii. Levo za fani iliyomleta mnyama zinahesabiwa zote. Levo za fani nyingine zinahesabiwa nusu, na zile tu ambazo mhusika alizipata mnyama akiwa hai na akiwa naye safarini. Ukimwacha zizini ukaenda kujifunza uchawi mnarani, levo ile ni yako peke yako. Uhai wa mnyama unafuata hesabu hiyo. Kinga na shabaha vinafuata levo zote za bwana, kama kilivyosema kitabu cha 2014, maana mnyama husoma utulivu wa aliyempanda. Kwa kipando cha 2024, ngazi ya nafasi ya uganga haiwezi kuzidi nusu ya hesabu hiyo, ikikamilishwa kwenda juu.

Mwalimu alipinga. Alisema nimeongeza uandishi wa daftari, na kwamba mshika mbili moja humponyoka, kwa nini tumlinde aliyejitakia. Nilimjibu kwamba aliyejitakia ni bwana, mbwa mwitu hakuchagua. Kuhusu daftari yuko sahihi. Tunaandika alama ndogo pembeni mwa kila levo, na anayesahau kuandika hapati.

Kwa sheria hii mbwa mwitu wa binamu angekuwa na levo 3 za renja, kujumlisha nusu ya levo 5 za mwizi, yaani 2 kwa kuacha sehemu inayobaki, jumla 5. Pointi 20. Tufe lile angelipita akiwa amebaki na 6, ameungua lakini yuko juu ya miguu yake. Dadu ya kujiokoa ingeanguka, angekufa, na hapo sina la kubadili.

Binamu mkubwa ndiye mwenye paladini wa levo 5 na mchawi wa kuzaliwa wa levo 4. Levo ya kwanza ya uchawi aliipata akiwa mfungwa bila farasi, kwa hiyo haimo. Zimebaki tatu, nusu yake moja, jumla 6. Farasi wake anaitwa kwa nafasi ya ngazi ya 3: kinga 13, uhai 35, sawasawa na wa paladini mtupu wa levo 9. Hajaruka bado. Levo ijayo ya uchawi, wakiwa pamoja, itafikisha hesabu 7, na kikomo kitakuwa ngazi ya 4. Ameshaniuliza kama ataweza kuvuka mlango wa bahari kutoka upande wa Shela hadi kisiwa cha Manda bila kugusa maji. Kwenye ramani yetu nimeuchora mita 900, na kuruka futi 60 kwa kila sekunde 6 ni dakika tano hivi, mradi asiwepo mwenye upinde kule ng'ambo.